Wakuu naombeni msaada, nataka kutengeneza mochi nyumbani iwe laini kupita ya dukani, nimeshaharibu mara tatu

MtuWaChumbageni
Habari za muda huu wakuu. Mimi humu huwa msomaji tu ila leo imebidi nifungue uzi maana nimekwama na siku zimebaki chache.

Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Japani huku Saitama mwaka wa tatu sasa, napiga kazi kwenye yadi ya magari na nimeoa hukuhuku. Nataka nijue kutengeneza vitamutamu vyao, hasa daifuku, kile kimochi cha duara, yaani kidonge cha unga wa mchele kinachovutika, ndani kina anko, yale maharage madogo mekundu yanapikwa na sukari yanapondwa, na ikiwezekana katikati nizamishe na stroberi. Jikoni sio mgeni kivile, chapati nasukuma, kaimati nadondosha, lakini hii kitu imeninyoosha.

Mara ya kwanza nilichukua unga wa mchele nikachanganya na maji na sukari nikatia kwenye maikrowevu, ikatoka inakatikakatika kama ugali wa jana. Mara ya pili nikabadilisha unga, ikawa gundi, imenata kwenye mwiko, kwenye vidole, kwenye koki ya bomba, wife kaja asubuhi anauliza hapa palikuwa na ajali gani. Mara ya tatu ilikubali kidogo, nikaiweka kwenye friji ili nile kesho yake, asubuhi nikakuta mawe.

Sasa swali langu ni moja tu. Nifanyeje iwe laini SANA, yaani ipotelee mdomoni mtu asihitaji hata kutafuna? Nina mpaka Jumatatu ya tatu ya mwezi huu wa tisa. Unga nimeshanunua pakiti nne kwa hiyo tafadhali msije kuniambia nipike kitu kingine. Natanguliza shukrani.

Jogoo la Shamba
Mkuu achana na maandazi hayo, wewe upo yadi ya magari, hebu tuambie IST safi mpaka inafika bandarini Dar inasimama kwenye ngapi sasa hivi? Mawakala wanatunyonga.

Mama Zuu
Mimi nimependa tu kuona mwanaume anaomba msaada wa kupika, wa kwangu hata chai anachemshiwa. Ila mwanangu nikwambie, vitu vya unga havitaki haraka. Mimi nilijifunza visheti kwa mama mkwe wangu Pangani mwaka 1994, mara ya kwanza shira ikaganda kwenye sufuria ikawa kama lami, nikailoweka siku mbili, mama mkwe hakusema neno ila sufuria ile hakunipa tena mpaka amekufa Mungu amrehemu. Kwa hiyo usikate tamaa.

MpishiWaZamu
Nimefanya kazi jikoni hotelini Dubai miaka minne, kitengo cha vitamu, bosi wetu alikuwa Mjapani kwa hiyo hapa nina cha kusema, tulia usome.

Kosa la kwanza ni unga. Huko dukani kuna unga wa mchele wa aina kama tatu na pakiti zote nyeupe zinafanana, usiposoma umeumia. Joshinko ni mchele wa kawaida tu kama huu wetu, ndio ule uliokatika. Mochiko na shiratamako ni wa mochigome, mchele wa kunata. Mochigome karibu hauna kabisa ule wanga unaofanya wali uchambuke, ndio maana unavutika. Shiratamako ukiishika utasikia chenga chenga, sio poda, kwa sababu unasagwa na maji kisha unakaushwa, na huo ndio mlaini kuliko wote.

Kosa la pili ni maji na mkono. Shiratamako gramu 100, sukari gramu 50, maji mililita 150. Maji tia kidogo kidogo vunja zile chenga kwanza mpaka zote zimekwisha, ndio umalizie. Bakuli la kioo, funika, maikrowevu wati 600 dakika 2. Toa, koroga na mwiko uliouchovya maji. Rudisha dakika 1, koroga. Rudisha tena. Unatafuta ule weupe wa maziwa uondoke, uanze kung'aa uwe kama unaona ndani. Ukiona bado kuna weupe katikati, unga haujaiva. Hapo unaimwaga yote juu ya katakuriko, wanga wa viazi, mwingi usiuonee huruma, unajipaka na mikononi, unakata ingali ya moto. Hiyo gundi kwenye koki ni kwamba hukuwa na wanga.

Kosa la tatu ni friji. Mochi inafanya kama wali ulivyolala, baridi ya friji ndio inaufanya wanga ukaze haraka. Sukari inasaidia kidogo maana inashika maji, ndio maana daifuku ina sukari mpaka kwenye ganda lake na sio ndani tu. Inaliwa siku ileile. Ukitaka kutunza tia friza kabisa, sio friji.

MtuWaChumbageni
@MpishiWaZamu mkuu ubarikiwe, kumbe ile ya kwanza nilinunua joshinko, nimeenda kuangalia pakiti ndio hiyohiyo. Hizi nne nilizonunua ni shiratamako. Sasa nikizidisha maji, mfano 200, si itakuwa laini zaidi? Nataka iwe ile ya kumezeka tu.

MpishiWaZamu
Ukizidisha maji inakuwa laini ndio lakini inanata zaidi, utashindwa kuifunga. Laini na kunata ni vitu viwili. Kwani una haraka gani na kumeza, ladha ya mochi ni kule kuvutika.

Mvita_Asili
Ndugu yangu kwa nini ujitese. Mimi niko Mombasa lakini nilikaa na Wajapani wa mradi fulani, mmoja alikuja na kasutera ya Nagasaki kwenye boksi, akafungua kwa heshima zote, nikaonja, nikamwambia hii kwetu yaitwa mkate wa mayai! Mayai, sukari, unga, basi. Wao watia na ile asali yao ya wanga, mizuame, ndio ikawa na unyevu. Akanambia jina lake ni la Kireno, Wareno waliwapelekea karne ya 16. Nikamwambia hao hao walipita kwetu mapema, Malindi 1498, wakatuachia maneno kama meza na leso na bendera. Tukacheka sana. Sasa wewe unajua mkate wa mayai tangu utotoni, wapikie huo, waambie kasutera ya Kiswahili, umemaliza.

Mama Zuu
Mkate wa mayai wa Mombasa mnatia iliki nyingi mno inaua harufu ya yai.

Mvita_Asili
Mama Zuu usianze.

BintiMkunazini
Mimi naongeza moja tu kwa kuwa naona kaka ni mtu wa Tanga, isije ikawa ni Muislamu mwenzetu. Huko ukifanya vitu vya kuganda angalia pakiti, jelatini yao nyingi ni ya nguruwe. Kanten ndio salama, inatoka kwenye mwani. Na mchuzi wa mitarashi dango, vile vidonge vyao vya mchele vya kwenye kijiti, wengine wanatia mirin ambayo ni pombe, fanya na soya, sukari, maji na wanga, unatoka vilevile. Kanten lazima ichemke kweli kweli iyeyuke, halafu inaganda hata mezani bila friji na hairudi kuwa maji kwa joto la kawaida. Ukichanganya na anko unapata mizu yokan, na kwa anayeanza hiyo ndio ya kuanzia, haina kunata wala nini.

Jogoo la Shamba
Kwani huo mwani si ndio ule wa Paje? Mnakaa na utajiri hapo mnauza mbichi.

BintiMkunazini
Sio huo. Wa kwetu spinosum na cottonii unatoa karajinani, kanten ni mwani mwingine. Na kinamama wanaotia vigingi kwenye maji tangu alfajiri ukawaambie wewe kuhusu utajiri.

NesiWaUsiku
Samahani nauliza. Hii mochi anakula nani?

MtuWaChumbageni
@BintiMkunazini ahsante dada, ni Muislamu ndio, hilo la jelatini nilikuwa silijui. Ila mizu yokan sitaki, nimeshasema daifuku.
@NesiWaUsiku ni ya familia tu, kuna shughuli ndogo.

NesiWaUsiku
Familia nani? Umeandika "mtu asihitaji hata kutafuna", ukarudia "kumezeka tu". Mtu mwenye meno yake hasemi hivyo. Ni mtoto mdogo au ni mtu mzima sana?

Kibatari
Nesi kaanza upelelezi hahaha, nimekaa paleee na karanga zangu.

MtuWaChumbageni
Ni babu yake wife, tunaishi naye nyumba moja. Anatimiza miaka 88. Huku 88 ni umri mkubwa kwa heshima, wanaiita beiju, kwa sababu ile herufi yao ya mchele ukiibomoa vipande inasomeka nane kumi nane. Kwa hiyo ni sherehe ya mchele kama jina lilivyo, ndio maana nataka kitu cha mchele. Na Jumatatu ya tatu ya mwezi wa tisa ni sikukuu ya wazee nchi nzima kwa hiyo familia wameunganisha. Kwa hiyo mnaona sio kwamba nimekurupuka.

Mzee Kidevu
Safi sana kijana. Vijana wa siku hizi wakifika ughaibuni hata wazazi wao hawawapigii simu, wewe unamhangaikia babu wa mkeo. Huyu ndio kijana aliyelelewa. Nadhani tungekuwa na vijana kama hawa kumi tu kila kata nchi ingekuwa mbali. Ila usisahau na babu yako wa Tanga.

Kibatari
Mzee Kidevu babu wa Tanga kaingiaje hapa

Mzee Kidevu
Nakumbusha tu.

NesiWaUsiku
88. Sawa. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Uingereza, na nimeshawahi kukaa na mzee amekabwa na chakula mbele yangu, kwa hiyo nitauliza mpaka unijibu. Huyo babu chakula chake cha kila siku kikoje? Anakula wali na nyama kama ninyi au anapikiwa chake? Chai anakunywa vipi?

*(hapo ikapita karibu siku nzima, watu wakaendelea na iliki)*

MtuWaChumbageni
Nilikuwa kazini. Wakuu sikutaka kuyaweka yote humu maana nilijua mtaanza kunihukumu badala ya kunijibu swali.

Mzee alipata kiharusi mwaka juzi. Mkono wa kushoto umelegea na kumeza kwake sio kuzuri. Anapikiwa uji wa mchele, mboga zinasagwa, na chai au maji wanamtilia unga fulani unaitwa toromi kinywaji kinakuwa kizito kama uji mwembamba ndio anakunywa. Kuna mtaalamu wa kumeza anakuja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mama mkwe na wife ndio wanamlisha, mimi namwogesha na kumtoa nje.

Sasa mwezi uliopita tupo wawili barazani akaniambia taratibu, anataka daifuku moja kabla hajafa. Moja tu. Akaniambia nisimwambie binti yake. Huyu mzee wakuu ndiye pekee aliyenikubali kwenye hii nyumba tangu siku ya kwanza, hao wengine ilichukua muda. Nikamwambia ndio. Nimeshamwahidi. Mpango wangu ni kumpa kipande kidogo tu usiku wa siku hiyo wengine wakilala, na ndio maana nataka iwe laini mno. Kama ni laini kama uji shida iko wapi? Uji si anakula?

NesiWaUsiku
Astaghfirullah. USIFANYE HIVYO.

Sikiliza kaka. Laini sio salama. Mochi kadiri ilivyo laini ndivyo inavyonata, na ikipoa mdomoni na kooni inazidi kukaza, haishuki, inajibandika kama kizibo. Uji hauvutiki, unashuka. Idara ya zimamoto ya Tokyo kila ikikaribia mwaka mpya inawaonya wazee kuhusu mochi, hao ni wazee wanaomeza vizuri, wazima, na wanakufa kwayo. Wako maji tu yanamshinda! Na aliyekabwa hapigi kelele, hewa haipiti atapigaje kelele? Anakaa kimya anakodoa macho. Halafu wewe umechagua usiku, peke yako, watu wamelala, na hakuna ajuaye umempa nini. Hata akinusurika kukabwa, kipande kikiingia mapafuni anapata nimonia baada ya siku chache na hakuna atakayejua ilitoka wapi.

Mama Zuu
Mwanangu hapana. Hapana hapana. Nilikuwa nakusifia huko juu narudisha maneno yangu.

Ngosha_Mtaalamu
Mimi natofautiana na nyie. Mtu ana miaka 88, kaishi vita kaishi kila kitu, anataka kitu kimoja kitamu mnamnyima mnampa uji mpaka afe. Babu yangu Shinyanga daktari alimkataza ugoro na nyama ya mbuzi, akawaambia nendeni na daktari wenu, akala mbuzi miaka saba mingine. Mpe mzee haki yake.

NesiWaUsiku
Haki yake ni kuamua akiwa anajua hatari, mbele ya wanaomtunza, sio kunyatiwa usiku. Kama anataka kweli basi aseme na daktari na familia wasikie, watu wazima wanaruhusiwa kuchagua. Hapa anayeamua ni mjukuu mkwe na pakiti nne za unga.

MtuWaChumbageni
Ndio nilichosema, mmeanza kunihukumu. Mimi ndiye ninayemwogesha. Ninyi hamumjui.

Mchonga_Penseli
Ngoja kwanza jamani mnapandishana presha bure. Mimi nimeishi Nagoya miaka sita na nusu nimerudi juzijuzi. Huyu jamaa kwenye uzi kaandika atazamisha STROBERI. Mwezi wa tisa! Stroberi za Japani msimu wake ni Desemba mpaka kama mwezi wa tano, mwezi wa tisa supamaketi ya kawaida huioni ng'o, ingia uone zabibu na mapea na figi. Hii ni CHAI, na haijatiwa hata majani.

Kibatari
Weeee nilijua tu. Mtu ana kiharusi halafu anaomba siri kama kwenye tamthilia.

Mchonga_Penseli
Na sio hiyo tu. Nimepita kwenye nyuzi zake za zamani. Mwezi wa tatu huyu huyu alifungua uzi anaomba ushauri wa kufuga sungura MUHEZA. "Nina mabanda sita." Mkuu mabanda yako Muheza wewe uko Saitama unamwogesha babu?

Jogoo la Shamba
Kwa hiyo hata magari hayupo? Nilikuwa nishamtumia ujumbe wa IST.

Ngosha_Mtaalamu
Dah na mimi nishamtaja babu yangu kwenye chai.

MtuWaChumbageni
Sungura ni mradi wa mdogo wangu, mtaji natuma mimi, kwa hiyo mabanda ni yangu, nilikosea nini? Walikufa wote kwa kuharisha kama mnataka kujua, na ushauri wa humu ndio niliufuata. Stroberi nimenunua za kugandishwa, ziko kwenye friza hapa, za kwenye mfuko. Anayebisha anyamaze.

MpishiWaZamu
Za kugandishwa ukizizungushia mochi zinayeyuka zinatoa maji, daifuku yote inalowa ndani ya nusu saa. Kwa hiyo iwe chai isiwe chai, stroberi toa.

Mchonga_Penseli
Weka picha ya pakiti ya unga na gazeti la leo.

BintiMkunazini
Na nyinyi mnaodai gazeti, kwani mnampelekea polisi? Mimi naona iwe kweli au uongo kuna mtu mwingine ana mzee ndani hamezi vizuri na anasoma hapa kimya kimya. Nesi endelea, anaweza kula nini?

NesiWaUsiku
Ahsante. Kwanza hata ile mizu yokan uliyoitaja usimpe mtu wa namna hii. Kanten ikitafunwa inavunjika vipande vidogo vinatawanyika kooni. Na jelatini ya kawaida kwa joto la mdomo inarudi kuwa maji, na maji ndio yanayompalia. Watu wanadhani kila kinachotikisika ni chakula cha wagonjwa.

Anayejua anachoweza kumeza huyo babu ni yule mtaalamu anayekuja kila wiki mbili. Kamwone yeye kwanza, sio mochi. Muulize wazi, "mzee anatamani daifuku, tunaweza kumpa nini chenye ladha ile?" Hatakushangaa, wanaulizwa kila siku. Na huko Japani vyakula vya wazee wa kumeza kwa shida wamevipanga kwa madaraja, cha mwisho kabisa ni kisichohitaji kutafuna, pakiti zimeandikwa. Hata wagashi, vile vitamutamu vyao vya asili, za namna hiyo wanatengeneza.

MpishiWaZamu
Nami nikuambie kitu ambacho bosi wangu alikuwa anakirudia, kwamba mochi ni nguo tu, mtu mwenyewe ni anko. Daifuku ukiila utakumbuka ganda kidogo lakini utamu wote uko ndani. Sasa kama mtaalamu atakubali, mpe mzee kilicho ndani. Sio ile ya mabonge, tsubuan, hapana, ile ina maganda. Fanya koshian, ya kuchujwa.

Na hii kazi mtu wa Tanga unaijua tayari ila hujui kama unaijua. Azuki gramu 250, osha, chemsha, ikichemka mwaga yale maji ya kwanza yote, yana ukakasi. Tia maji mapya, moto mdogo, saa moja au zaidi, mpaka ukiishika punje kwa kidole gumba na kidole kidogo ipasuke bila nguvu. SUKARI BADO, ukiitia mapema maharage yanakaza hayaivi tena. Sasa chukua chekecho, saga humo huku unamwagia maji, kama unavyokamua tui. Maganda yanabaki juu, chini inashuka ile nyeupe nyeupe ya kahawia. Iache itulie kama wanga unavyotulia, maji ya juu mwaga polepole, tia maji mengine, rudia. Halafu mimina kwenye kitambaa, kamua mpaka maji yaishe, utabaki na kitu kama unga mbichi wa maharage. Huo ndio unarudi motoni na sukari gramu 200 na chumvi chembe, unakoroga mwiko usitoke, inaruka ruka inaunguza mkono jiandae. Ukitaka iwe nyepesi unaacha na maji kidogo.

Mvita_Asili
Hayo maharage matamu bibi yangu alikuwa apika na nazi. Nauliza, azuki akikosa mtu huku kwetu kunde haiwezi?

MpishiWaZamu
Inaweza. Na kunde Wajapani wanazo, wanaziita sasage. Tokyo ule wali wao mwekundu wa sherehe, sekihan, wengi wanatia sasage badala ya azuki, wanasema azuki ikiiva inapasuka tumbo na zamani masamurai wakaona ni mkosi maana inawakumbusha kujipasua. Kunde haipasuki ovyo.

Kibatari
Sasa hapo ndio nimejifunza kitu. Samurai anaogopa haragwe.

Ngosha_Mtaalamu
Mtaji wa kuuza hizo daifuku pale Mwenge unaweza kuwa kiasi gani? Naona hakuna ushindani.

Mama Zuu
Mtu mwenyewe kapotea. Siku ya tatu hii.

Mchonga_Penseli
Anasubiri maharage yaive kwenye banda la sungura.

*(wiki mbili baadaye)*

MtuWaChumbageni
Nimerudi wakuu. Sikuwa nataka kurudi kwa kweli.

Nilimwambia wife. Nilianza na habari ya unga, akasema anajua, pakiti nne kwenye kabati la viatu zinaonekana, alidhani nataka kufungua biashara. Nilipofika kwa babu na ahadi akanyamaza muda mrefu, halafu akaenda chumba kingine akampigia mama yake, nikasikia sauti juu. Siku mbili kwenye nyumba ile nilikuwa nakula peke yangu. Nesi, ulichoandika kuhusu usiku nilimtafsiria kwa simu na kilimtisha kuliko nilivyotaka.

Mtaalamu wa kumeza alikuja Alhamisi. Alisema mochi hapana. Koshian laini iliyolegezwa akasema ajaribu kwanza mbele yake, kijiko kidogo, kitako kimenyooka, kidevu kimeinama kidogo. Ile aliyojaribia ilikuwa ya dukani. Ikapita. Akaongeza kidogo ule unga wa toromi kuifanya isitawanyike akatuonyesha uzito wake, ukiinamisha kijiko inateleza ikiwa kipande kimoja.

Jumatatu nikapika ya kwangu, nimechuja kama alivyosema MpishiWaZamu, mikono imeungua kweli. Sherehe ilikuwa mchana watu wote wapo, wale wengine wakala daifuku na wakasema wamependa, gramu 100 kwa 150 imekubali, stroberi sikutia. Mzee amepewa vijiko vitatu kwenye kibakuli. Cha kwanza kakizungusha mdomoni muda, sote tunamwangalia, mama mkwe kashika mkono wa kiti.

Akasema zara-zara.

Maana yake inachakaza, kama ina mchanga.

BintiMkunazini
Hahahaha babu kakagua!

Mama Zuu
Wallahi nimelia halafu nimecheka. Hao ndio wazee.

NesiWaUsiku
Vijiko viwili vilivyobaki alikula? Kikohozi usiku ule au kesho yake kilikuwepo? Homa?

MtuWaChumbageni
Alikula vyote. Hakuna kikohozi, hakuna homa, mama mkwe anampima asubuhi na jioni. Na Jumapili anataka tena ila niirudie vizuri.

Mchonga_Penseli
Picha?

MtuWaChumbageni
Sipigi picha ya mzee wa watu anakula nikaweka humu.

Mchonga_Penseli
Chai. Tena ya tangawizi.

MpishiWaZamu
Chekecho lako lina matundu makubwa. Chuja mara ya kwanza na hilohilo, mara ya pili pitisha kwenye chujio la chai, na maji ya juu ubadilishe mara tatu sio mara moja.

MtuWaChumbageni
La chai la waya au la kitambaa?

MpishiWaZamu
La waya. Dogo.